Kidakatonge

Daktari Shekiondo hakuanza na usingizi.
Aliuliza kola: shati lako namba ngapi shingoni?
Nikajibu mimi, maana mashati nanunua mimi,
mnadani Msalato, Jumamosi:
kumi na saba na nusu, na kifungo cha juu hakifungi.

Akavuta kiti, magoti kwa magoti na mume wangu,
akawasha tochi nyembamba kama kalamu.
"Kaa wima. Fumbua kinywa, toa ulimi wote.
Usiseme aaa. Usiseme chochote."

Ndahani, dereva wa boza la maji,
anayegombana na bodaboda kutoka Ihumwa hadi Nkuhungu,
akatii kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo.

Nami nikachungulia.
Miaka ishirini na miwili ya ndoa, humo sijawahi kutazama.
Nimeona ugali wa uwele ukiingia, mlenda ukiteleza,
nimeona maneno yakitoka, mengine na miiba yake.
Mlango wenyewe sikuwahi kuupigia hodi.

"Kuna makoo," akasema daktari, "naona yote:
kaakaa laini, nguzo za pembeni,
na kidakatonge kinaning'inia kama kengele ya shule.
Hilo ni daraja la kwanza.
La pili, ncha yake imezama nyuma ya ulimi.
La tatu, naona shina tu."
Tochi ikazunguka, ikarudi.
"Hapa naona kaakaa gumu, basi.
Ulimi umejaa nyumba nzima. Daraja la nne."

Ndahani akafumba kinywa, akameza mate.
"Hata kidato cha nne nilipata hilo hilo."

Daktari akacheka, kisha akaacha.
"Koo si matokeo, mzee. Koo ni mlango.
Mlango mwembamba unanitia shaka,
lakini hauniambii usiku mna nini ndani.
Kuna wa daraja la nne wanaolala salama,
na wa la kwanza wanaokabwa mpaka alfajiri.
Usiku wenyewe lazima upimwe."
Akanigeukia. "Mama, wewe unasikia nini?"

Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nimekilalia.

Nikamwambia: unajua bomba letu siku ya mgao?
Linakohoa upepo, linanguruma, linakata,
nasi tumesimama na ndoo, hatupumui.
Ndivyo alivyo.
Jirani yangu husikia ngurumo ukutani, husema, mumeo ana raha.
Ngurumo haijawahi kunitisha.
Kinachonitisha ni kimya.
Naweka kiganja kifuani pake: kifua kinavuta, kinavuta,
na puani hakipiti hata cha kuzimia kibatari.
Nahesabu. Usiku wa kuamkia Jumatano nilifika arobaini na moja
ndipo akafumuka kama mtu aliyetolewa kisimani,
akageuka, akalala tena. Asubuhi hakumbuki.

"Na mchana?"
Mchana alisinzia kwa mteja, mpira ukiwa ndani ya tangi,
maji yakafurika uani, yakatoka hadi njiani.
Dodoma hii, daktari. Maji. Njiani.

Ndahani akatazama viatu vyake.

Tumepewa kidude cha kulala nacho usiku mmoja:
kibanio kidoleni, kamrija puani, mkanda kifuani,
na kitaa chekundu cha kuonyesha kuwa kinaandika.
Nimemgeuza ubavu, amerudi chali, nimemwacha.
Upepo wa Julai unasukuma bati.
Nimekiambia kile kidude: haya, leo zamu yako,
mimi nimehesabu tangu mwanangu wa mwisho akiwa mgongoni.
Nikavuta shuka hadi masikioni.

Ngurumo ikapanda, ikapanda, ikakatika.

Kitaa kikakonyeza gizani, kinafanya kazi yake.
Na midomo yangu, ambayo sikuituma:
moja,
mbili,